Athari

Huku mlimani maji hayapimwi kwa ndoo.
Hupimwa kwa athari: nusu saa,
tangu nyota moja ichungulie juu ya genge
hadi ya pili ichungulie.
(Siku hizi wakili wa mfereji hutazama simu.)
Mama, mzaliwa wa Wete, alicheka mwaka tuliofika:
"Kwetu athari ni kovu,
ni kile kinachobaki jambo likishapita."
Ami Muhanna alipofasiriwa, hakucheka.
"Hata hapa, shemeji. Kinachobaki."

Tulikuwa na athari tatu kila siku ya nane.
Tatu: mikomamanga thelathini na miwili,
ngazi mbili za waridi,
na majani ya mbuzi wa bibi.

Kisha nyumba za udongo za mtaa wa juu,
zilizohamwa tangu lami ifike bondeni,
zikakandikwa upya,
zikatiwa mito, na kandili zisizojua mafuta,
na kibao kila bafuni:
"Mgeni, tumia taulo mara mbili. Maji ni uhai."
Kibao nilikiandika mimi, kwa lugha tatu.
Cha nne, Kiswahili, nilikipenyeza chini kabisa.
Msomaji wake ni mama peke yake.

Nisiikane neema, itanisuta.
Shamsa binti Thani amemnunulia babake kifaa cha sikio,
sasa mzee analalamika kuku wanapiga kelele.
Wanaume saba wamerudi kutoka Maskati,
walikokuwa wakilinda milango ya benki.
Skuli ilikuwa na watoto tisa, basi likakatwa;
leo wako ishirini na sita, basi limerudi.
Bi Ghaliya, aliyeuza marashi ya waridi
katika chupa kuukuu za soda,
anauza kwa bei mara tatu, kizibo cha gome.
"Marashi ni yale yale," asema, "chupa ndiyo iliyosoma."

Hata Kiswahili changu, walichokuwa wakinitania nacho kisimani,
kimenipa kazi: mwenye ndimi nyingi akae mapokezi.
Watoto nao wamejifunza kusalimu kwa lugha tano
na kunyoosha kiganja kwa lugha moja.

Vyumba ni kumi na vinne. Mabafu kumi na manne.
Ami magoti yake hayapandi tena ngazi za shamba,
akaikodisha kampuni athari mbili kati ya tatu.
Mkataba niliupiga chapa mimi,
nikasahihisha hata nukta.

Jana zamu yetu iliangukia saa nane na nusu usiku.
Mama na jembe, mimi na tochi.
Nikachomoa jiwe na tambara lake.
Maji yakaja polepole,
kama mgeni asiyejua nyumba ni hii au ile pili.

Akatoka yule mama wa chumba cha tisa, usingizi umemkimbia,
anatoka nchi ambayo mvua huko ni kero.
Akaketi ukutani. Nikamweleza. Akatazama saa yake,
akanyamaza nusu saa nzima, kwa adabu,
kama aliyeingia ibadani kwa watu.
Kisha: "Na mimi nikioga, ni dakika ngapi za haya?"

Nilijua hesabu yake.
Nikajibu nilivyofunzwa:
"Usijali, bibi. Umelipia."

Mama alikuwa akihesabu kwa jembe, mti kwa mti.
Kumi na mmoja imekunywa.
Ishirini na mmoja imesikia sauti tu.
Akajifuta tope usoni.
"Athari," alisema,
nami sikujua amesema kwa lugha ipi.

Nikarudisha jiwe, nikakaza tambara.

Asubuhi chumba cha tisa taulo lilikuwa kavu,
limekunjwa, halijaguswa.
Chumba cha kumi wameandika katika daftari la wageni:
mahali patulivu mno, watu wakarimu,
ila maji ya bafuni hayana nguvu.
Meneja amezungushia mstari mwekundu.
Amesema niulize kwa Ami
ile ya tatu.